Mpira wa Saba

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi ni kidole chake. Nilikuwa nimeingia dukani kwake na kitambaa cha kijivu, nikitaka suruali ya kuendea usaili wa kazi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, akikunja pindo la gauni, na pini sita zimejipanga katikati ya midomo yake. Nikamsalimu, nikamwonyesha kitambaa, nikauliza kama suruali itakuwa tayari Ijumaa. Akakitazama kitambaa kwa muda mrefu. Kisha, bila neno, akainua mkono wa kulia na kunyoosha kidole cha shahada juu, wima kabisa, kama anayenionyesha kitu kwenye dari.

Nami nikatazama dari.

"Umetolewa, mwanangu," ilisema sauti kutoka karibu na dirisha. Mzee mwenye miwani alikuwa ameketi pale akichonga penseli. "Kitambaa hakitoshi. Nenda kaongeze nusu mita."

Ndivyo nilivyowafahamu Fundi na mumewe, Mwalimu. Chumba nilichopanga kiko mlango wa tatu kutoka dukani kwao, na baada ya wiki chache nilikuwa nimejifunza lugha nzima. Pini zikiwa mdomoni, Fundi huzungumza kwa ishara za mwamuzi wa kriketi. Akiinua mikono yote miwili juu, maana yake ni kazi safi, mbio sita kwa mpigo mmoja. Akiitandaza pembeni, maana yake mpira umepita mbali mno. Ishara hiyo alipewa mama mmoja aliyeapa kwamba kiuno chake hakijabadilika tangu siku ya harusi. Mama yule akageuka kwa Mwalimu, ambaye ndiye mkalimani, akauliza mikono ile inasema nini. Mwalimu alipatwa na kikohozi ghafla, akatoka nje kutafuta maji.

Fundi ana miaka hamsini na minne. Ni mfupi, mkakamavu, na hutembea kwa hatua sawasawa kana kwamba anapima sakafu. Duka lake lina cherehani mbili, pasi nzito, meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki, na msumari mmoja ukutani ambao hautundikwi kitu kingine chochote isipokuwa koti jeupe lililofunikwa kwa mfuko wa nailoni. Wateja wapya hudhani ni koti la daktari ambaye hajarudi kulichukua.

Koti ni lake. Miaka ishirini iliyopita, klabu ya kriketi iliagiza kwake suruali nyeupe kumi na moja. Baada ya mwezi zilirudi zote, zimechanika mahali pamoja, goti la kushoto. Fundi aliona ametukanwa. Jumamosi iliyofuata alifunga duka, akaenda uwanjani kuona wanaume wale hufanya nini na goti la kushoto. Alikaa hadi mchezo ulipokwisha. Aliporudi nyumbani alikuwa ameamua kuongeza kiraka cha ndani kwenye magoti, na alikuwa na swali kwa mumewe.

"Kuna mtu wa koti jeupe anasimama katikati," alimwambia. "Akinyoosha kidole, mtu mzima anaondoka zake kimya. Habishiwi. Yule ni nani?"

"Huyo ni mwamuzi," Mwalimu akajibu.

"Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona mtu asiyebishiwa."

Mwalimu akamtafutia kitabu cha sheria za kriketi. Jioni baada ya jioni, yeye alisoma maswali na Fundi alijibu huku akishona, na jibu likiwa baya cherehani ilisimama. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa waamuzi akafaulu. Tangu hapo, kwa miaka kumi na tisa, amesimamia michezo ya shule na ya klabu, kwenye jua na kwenye manyunyu. Mwalimu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote na hakutaka kuachwa peke yake kila Jumamosi, akawa mwandishi wa alama. Huketi pembeni mwa uwanja na daftari kubwa, na kila mpira unaporushwa huweka nukta.

Alichokuwa hajawahi kusimamia ni pambano moja tu. Kila mwaka timu yetu ya taifa hucheza na timu ya majirani zetu mara mbili, kwanza nchi moja, kisha marudiano nchi ya pili. Kriketi ni mchezo mdogo kwao na kwetu, na wachezaji wote ni watu wenye kazi zao, lakini utani na uhasama wa michezo hiyo miwili ungetosha kombe la dunia. Wao husema sisi hupiga mpira kama watu wanaofukuza kuku jikoni. Sisi husema wao hudaka kwa macho. Kwa sababu hiyo kuna utaratibu mkali: kila nchi hutoa mwamuzi mmoja, na manahodha wote wawili lazima watie sahihi kumkubali. Sahihi moja ikikosekana, jina linafutwa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, jina la Fundi lilipata sahihi zote mbili kwa mchezo wa kwanza.

Nahodha wetu ni fundi umeme, naye huitwa Fyuzi kwa sababu mbili, na ya pili ni kwamba huungua upesi. Nahodha wa majirani ni daktari wa meno, mrefu, mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Kila mrushaji anapojiandaa kumrushia mpira, humwambia kwa upole, "Usiogope, haitauma." Fyuzi amesikia maneno hayo kwa miaka saba na kila mwaka yalimuuma, maana kwa miaka yote saba majirani walishinda.

Mchezo wa kwanza ulichezwa kwetu, wiki saba zilizopita, na nilikuwapo. Kwa asiyejua kriketi inatosha kujua hili. Mrushaji hurusha mipira sita, kisha mwamuzi husema "Ova!" na zamu huenda kwa mrushaji mwingine upande wa pili. Kuhesabu hiyo sita ni kazi ya mwamuzi. Wengine hutumia vijiwe, wengine kifaa cha kubonyeza. Fundi hutumia vifungo sita vyeupe vya shati, vyenye matundu manne. Huvianzisha vyote katika mfuko wa kushoto wa koti. Kila mpira ukirushwa, kifungo kimoja huhamia mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto ukiwa mtupu, ova imekwisha.

Zilikuwa zimebaki ova mbili. Majirani walihitaji mbio sita washinde, nao walikuwa wamebakiwa na wapigaji wawili tu, mmoja wao akiwa Daktari mwenyewe, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi. Akitolewa yeyote kati yao, tumeshinda. Fyuzi akavua kofia yake, akampa Fundi amshikie, kama warushaji wote wafanyavyo, akaanza kurusha. Mpira wa pili Daktari aliusukuma pembeni, akakimbia, na ili afike salama akajitupa chini, akateleza kwa kifua hadi miguuni pa Fundi. Alipoinuka, kifungo cha shati lake kilikuwa kimechomoka, kimejilaza kando ya kiatu cha mwamuzi.

Mwamuzi mwingine yeyote duniani angekiacha. Fundi alikuwa ameinama na kukiokota kabla hajajua kwamba ameinama.

"Nitakushonea baada ya mchezo," alimwambia Daktari.

"Ahsante, Mama Mwamuzi," Daktari akasema, akijipangusa vumbi.

Kifungo kikaingia mfukoni. Mfuko wa kushoto.

Mpira wa tatu ulizaa mbio nyingine. Wa nne, wa tano na wa sita Daktari aliizuia kwa gongo, bila mbio. Zilibaki nne. Mashabiki walikuwa wamesogea hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja, wengine wameipita, na mwamuzi wa upande wa pili, mfinyanzi wa makamo kutoka kwa majirani, alikuwa amegeuka kuwarudisha nyuma kwa mikono. Fyuzi akatembea kuelekea kwa Fundi, amenyoosha mkono.

"Bado mmoja," Fundi akasema.

Fyuzi akasimama. Akamtazama. Akageuka, akarudi kwenye alama yake, akakimbia, akarusha. Mpira ule uliruka kidogo kuliko Daktari alivyotarajia, ukamgonga chini ya goti, mguu ukiwa umeziba vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda nyuma yake. Sheria ni kwamba mpira ukigonga mguu bila kugusa gongo kwanza, nao ungeviangusha vijiti, mpigaji ametoka. Wenzetu wote kumi na mmoja wakaruka na kupiga kelele kwa koo moja: "Vipi, mwamuzi?"

Fundi akainua kidole.

Sitaeleza shangwe, maana mimi mwenyewe nilijikuta nimemkumbatia polisi. Ila katikati ya shangwe niliona Daktari amesimama palepale, anaonyesha ukingo wa gongo lake, anasema, "Gongo! Umegusa gongo kwanza!" Mtu yule mpole aliondoka bila kumpa mtu mkono. Basi lao lilikuwa njiani kabla hatujamaliza kuimba.

Wiki ile hapakuwa na habari nyingine. Redio ya majirani iliwaita wataalamu watatu kuujadili mguu wa Daktari. Redio yetu ikaita wanne. Kinyozi wa mtaani kwetu alichora vijiti kwenye kioo chake kwa sabuni, na kila mteja alitakiwa aonyeshe mpira ungepita wapi kabla hajaguswa nywele. Fundi alishona kwa utulivu.

"Ule mguu ulikuwa mbele ya kijiti cha kati," alisema. "Na gongo ningelisikia. Nimesikiliza mkasi miaka thelathini, sitasikia gongo?"

Jumanne nilikwenda kujaribu suruali yangu. Fundi alikuwa akitoa vitu mfukoni mwa koti jeupe ili alifue. Aliingiza mkono mfuko wa kulia, akamimina vifungo mezani, akavipanga mstari. Kisha akageuza mfuko wa kushoto nje ndani. Ulikuwa mtupu.

"Mwalimu," akaita. "Njoo uhesabu."

Mwalimu akaja na miwani yake. "Saba."

"Hesabu tena."

"Mama, hata nikianzia upande huu, ni saba."

Fundi akakitenga kimoja kwa ncha ya sindano. Kilikuwa na matundu mawili. "Hiki ni cha shati la Daktari. Nilikitia kushoto. Nimekikuta kulia, pamoja na vyangu vyote sita." Alisema polepole, kama anayekata kitambaa cha gharama. "Kila kifungo ni mpira mmoja. Ile ova ilikuwa na mipira saba. Yule mtu nimemtoa kwa mpira ambao haukutakiwa kurushwa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Daftari lako linasema nini?" Fundi akauliza.

"Linasema sita."

"Wewe ulihesabu sita?"

"Daftari linasema sita."

"Sikuuliza daftari, Baba. Nimekuuliza wewe."

Mzee akafungua daftari kwenye ukurasa ule, akalisogeza kwenye mwanga. Pembeni mwa nukta ya sita karatasi ilikuwa imechubuka. "Nilikuwa nimeweka saba," akakiri. "Nikaona nimekosea, nikafuta moja. Mwandishi wa wenzetu alikuwa amesimama kwenye kiti anapiga kelele, baadaye akanakili kutoka kwangu."

"Na kwa nini ulidhani aliyekosea ni wewe?"

"Kati yangu na wewe?" Mwalimu akasema kwa unyonge. "Miaka ishirini na minane nimetumia kanuni hiyohiyo, na haijawahi kuniletea matatizo."

Nilijitahidi nisicheke nikashindwa, na suruali ilikuwa bado na pini, ikanichoma. Fundi naye alicheka, akacheka hadi akavuta kigoda akaketi. Kisha kicheko kikaisha, akabaki amekitazama kile kifungo.

"Sheria unaijua kuliko mimi," Mwalimu akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Hesabu ya mwamuzi ndiyo hesabu, hata akiwa amekosea. Matokeo hayabadiliki."

"Hayabadiliki."

"Basi kusema kutamsaidia nani? Sahihi za marudiano zinafungwa mwisho wa mwezi. Ukiliandika hili, Daktari hatakukubali, na chama hakitakupanga tena. Umengoja miaka kumi na tisa, Mama. Pasipoti umeshachukua."

Ni kweli, pasipoti ilikuwa kwenye droo ya nyuzi, ya kwanza maishani mwake. Alikuwa amenionyesha picha, ambayo ndani yake anaonekana kama anayekaribia kumtoa mpiga picha. Hajawahi kuvuka mpaka. Uwanja wa majirani ameuona kwenye televisheni tu, na anajua idadi ya hatua kutoka chumba cha waamuzi hadi katikati kwa sababu amewahesabia wengine wakitembea.

Fundi alikisogeza kile kifungo kwa ncha ya sindano, kikazunguka mezani.

"Nchi mbili zinagombana kuhusu mguu," akasema hatimaye, "na mguu hauna kosa. Kosa lilikuwa mfukoni mwangu. Nikienda kule nikasimama mita mbili kutoka kwa yule mtu, yeye anadhani nilimwonea kuhusu gongo, na mimi najua jambo jingine kabisa, nitakuwa nimesimama pale kufanya nini? Nipe karatasi."

Aliandika barua tatu zinazofanana, moja kwa chama cha kriketi, moja kwa Fyuzi, moja kwa Daktari. Zilikuwa fupi. Alieleza kifungo kilivyoingia, akataja mpira wa saba, akaomba radhi. Juu ya mguu aliongeza sentensi moja: uamuzi huo hakuuonea haya. Katika barua ya Daktari aliweka kifungo chenyewe, kimeshonwa juu ya kipande cha kadi ili kisipotee.

Fyuzi alifika siku ya tatu, bisibisi mfukoni, ngazi ameiacha imeegemea nguzo barabarani.

"Fundi! Mama! Umetufanya nini?"

"Karibu, baba. Kaa."

"Sikai! Miaka saba! Miaka saba yule mtu ananiambia haitauma! Nimeshinda mara moja, mara moja tu, na mwamuzi wetu wenyewe anaandika barua kwamba nimeshinda kwa kifungo!"

"Sikuandika hivyo. Umeshinda. Sheria inasema—"

"Sheria haiendi kazini kwangu! Jana nimepanda darini kwa mteja, ananiuliza kutoka chini, eti fundi, leo utafunga balbu sita au saba?" Akageuka mlangoni. "Sahihi yangu hupati. Nasikitika, lakini hupati."

Akaondoka na kuisahau ngazi. Ikabidi arudi kuichukua huku ameangalia upande mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. Fundi alikuwa ameogopa kukataliwa na majirani, na aliyemkataa wa kwanza alikuwa nahodha wetu. Kutoka kwa Daktari hakukuja neno. Zikapita siku tatu, tano, nane. Mwalimu aliacha hata kusikiliza redio. Fundi alishona magauni ya harusi mawili na hakutoa ishara ya mikono juu hata mara moja, ingawa magauni yalikuwa mazuri sana.

Siku ya tisa, mchana, simu ikalia. Mikono ya Fundi ilikuwa ndani ya shela, kwa hiyo Mwalimu akaibonyeza na kuiweka mezani, tukasikia wote.

"Mama Mwamuzi," ilisema ile sauti ya kubembeleza. "Nina mgonjwa kitini anangoja ganzi ishike, kwa hiyo nitasema haraka. Kifungo nimekipokea. Nilikuwa nimekitafuta, ujue. Mke wangu alisema nimekitupa makusudi ili ninunuliwe shati jipya."

"Pole, Daktari," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ngoja, sijamaliza. Nimesoma barua yako mara nyingi. Mara ya kwanza niliruka juu kwa furaha, nikasema, aha, nimeonewa kweli. Mara ya pili sikuruka." Akashusha sauti. "Mama, mpira haukugusa gongo."

Nyuma yake tukasikia mtu mwenye mdomo mzito akilalamika: "Uligufa! Gongo! Uligufa!"

"Funga mdomo, mzee, utajing'ata. Haukugusa. Ulinigonga mguu katikati kabisa, ningejitoa mwenyewe. Nilikuwa na hasira, nikasema gongo, na kabla sijatulia watu walikuwa wameshachora michoro. Jirani yangu ametengeneza mguu wa ubao kuthibitisha. Nikaona aibu kurudi nyuma."

"Uligufa!" akasema mgonjwa, kwa huzuni.

"Jumapili nitayasema redioni, yote, la mpira wa saba na la mguu. Na sahihi nimetia asubuhi hii. Mwamuzi wa namna yako nitampata wapi tena? Ila shati la safari hii nimelishonea vifungo kwa uzi wa meno. Havitoki."

 Fundi alitoa mikono kwenye shela, akaiinua yote miwili juu, juu kabisa, na kwa kuwa Daktari hakuweza kumwona, Mwalimu akainama kwenye simu na kutafsiri: "Sita, Daktari! Anasema sita!"

Jumapili Daktari alisema redioni alivyoahidi. Kinyozi wetu aliufuta mchoro wa sabuni, kwa shingo upande. Lakini sahihi moja ilikuwa bado, na zilibaki siku mbili.

Jumatatu Fundi alipeleka ujumbe kwamba soketi ya pasi imeharibika. Fyuzi ni mtu wa kazi, alikuja. Alipoingia, Fundi alikuwa kwenye gauni la mteja, pini mdomoni, akamwelekeza ukutani kwa kichwa. Fyuzi akafungua soketi, akachungulia, akapima, akafunga.

"Hii nzima," akasema.

Fundi akainuka. Akaichukua kofia ya Mwalimu kwenye kiti, akaishika kwa mkono wa kushoto, akasimama wima kama asimamavyo uwanjani, akamtazama Fyuzi.  Mwalimu, safari hii, hakutafsiri.

Fyuzi aliitazama kofia. Niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Basi, basi," akasema. "Nimeelewa. Weka chini hiyo kofia."

Fundi akatema pini kiganjani. "Ulikuja kuchukua kofia yako, baba. Kabla sijasema ova. Kwa nini?"

"Kwa sababu nilihesabu sita." Akaketi juu ya kisanduku chake cha vifaa. "Nilijua ni sita. Ukasema bado mmoja, nikajiambia, mimi ni nani nimbishie mwamuzi?"

"Wewe? Ulinibishia mwaka juzi kuhusu mvua, na mvua ilikuwa inakunyeshea!"

Mteja aliyevaa gauni lenye pini alianza kucheka kwa uangalifu, ameshika mbavu zisichomwe. Fyuzi alijaribu kubaki amenuna, midomo ikamsaliti. Akacheka kwa sauti ya kupasuka, akapiga kofi paja lake.

"Ningesema neno moja tu," akasema alipotulia. "'Mama, hesabu tena.' Yule bingwa wa meno amesema la kwake mbele ya nchi nzima, na mimi nakuja hapa kukupigia kelele. Nipeni hiyo karatasi. Kalamu iko wapi? Mwalimu, si penseli! Nawajua ninyi na vifutio vyenu!"

Akatia sahihi juu ya meza ya kukatia, kubwa, iliyovuka mstari.

Leo ni Alhamisi. Basi la mashabiki linaondoka kesho alfajiri na nafasi zimejaa; kinyozi amefunga kiti chake kwa siku tatu, nami nimeomba ruhusa katika kazi niliyoipata kwa ile suruali ya kijivu, siku ya tisa tu tangu niajiriwe. Mambo ya kule tunayasikia. Wanasema uwanja mzima umejipanga kuhesabu kila mpira kwa sauti, moja hadi sita, ova baada ya ova, kutwa nzima. Mgonjwa wa lile jino ndiye kiongozi wa kuhesabu. Fundi alipoambiwa alifurahi kama msichana.

"Wahesabu," akasema. "Na wa kwetu wahesabu. Watu elfu tatu wakisema sita kwa pamoja, na mimi nikasema ova, hebu fikiri sauti itakavyokuwa!"

Fyuzi amekwisha tuma salamu kwa Daktari kwamba safari hii itauma. Daktari amejibu kwamba ganzi anayo ya kutosha timu nzima. Mwalimu ameuliza mara nne mpaka unafunguliwa saa ngapi, na kila mara Fundi amemjibu kwa saa ileile.

Mchana huu nilimkuta amesimama katikati ya duka, cherehani zote mbili zimefunikwa, anatembea polepole kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi, akihesabu kwa midomo.

"Hatua sabini na mbili," aliniambia. "Kutoka chumba chao cha waamuzi hadi kwenye vijiti. Kwa miguu yangu mifupi labda themanini na tano. Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, nitajua."